Mashini ya zamani haiko mitraye tu



Mwaka wa 1996, mimi na vijana wenzangu watatu tulilipwa juu ya kuvunja kabati moja ya chuma. Ilikuwa ndefu kama mutu, na ilitoka mu biro yenye ilikuwa inafungwa. Tulizania tutakuta karatasi ndani. Hapana. Tulikuta makarte ya kijani yenye kujaa vipande vidogo vyeusi, waya nyingi za mukuba, na sanduku nzito ya umeme chini. Tulichukua burin na nyundo. Mukuba tukautia upande mumoja, aliminiamu upande mwingine, kisha tukachoma waya nyuma ya kiwanja juu ya kutoa plastiki. Moshi ulikuwa mweusi, ulituuma mu kifua siku mbili. Kila mumoja alipata feza ya unga ya juma moja.

Jina la ile kitu hatukulijua. Kwetu ilikuwa mitraye, basi.

Miaka kumi na tano kisha, nililijua jina lake. Leo nataka kusema juu ya hiyo, sababu mu viwanda vyetu makabati ya namna ile yangali, na kila mwaka kamio inapita kuyabeba.

Mwaka wa 2011 sendika ilinituma Ubelgiji pamoja na wakamarade wawili, juu ya mafundisho ya majuma mawili. Mwisho wa juma walitugawanya kwa familia za wazee wenye walitumika mu mine. Mimi nilifikia mu jimbo la Limburg, kwa muzee mumoja mwenye alikuwaka fundi wa umeme chini ya udongo, mu makaa ya mawe. Mine ya mwisho ya makaa kule, ile ya Zolder, ilifungwa mwaka wa 1992. Muzee alibaki na pansio yake na mikono yake. Kisha chakula akaniambia: «Kamarade, kuya nikuonyeshe kazi yangu ya sasa.» Akafungua garaji. Hakukuwa motokari ndani. Kulikuwa kabati ya chuma, na mbele yake mustari wa taa ndogo na vifungo vya kupandisha na kushusha.

Nilinyamaza. Ilikuwa jamaa ya ile yenye nilivunja.

Ile mashini njo inaitwa mini-ordinatere. Yake ilikuwa PDP-8/E, yenye ilitoka mwaka wa 1970. Musicheke jina: wanaita «mini», lakini juu ya kuiweka mahali pake muzee aliita jirani amusaidie kuinua. Iko ndogo kama ukiipima na ordinatere za mbele yake. Zile zilijaza chumba kizima, na bei yao ilikuwa kubwa sana. Kompani ya Digital Equipment Corporation, watu wanaita DEC, ilizaliwa mwaka wa 1957 mu Maynard, muji mudogo wa Massachusetts kule Marekani, ndani ya kiwanda cha zamani cha kusokota sufu. Mwaka wa 1965 ilitoa PDP-8 ya kwanza kwa dola 18 000. Feza mingi, ndiyo, lakini viwanda na vyuo vingi zaidi vingeweza kuwa na ordinatere yao vyenyewe. Kwa jamaa yote ya PDP-8, waliuza zaidi ya 50 000.

Kisha, mwaka wa 1970, ikaja PDP-11. Juu ya PDP-11 njo wainjinia wawili wa Bell Labs, Ken Thompson na Dennis Ritchie, walikomalisha Unix, kazi yenye walianza mwaka wa 1969 juu ya PDP-7, mashini ingine ya DEC. Simu ya Android yenye iko mu mufuko wako leo inatembea na Linux, na Linux iliandikwa kwa kufuata njia ya Unix. Kwa hiyo hatusemi hapa juu ya kitu cha mbali. DEC yenyewe imekwisha: Compaq iliinunua mwaka wa 1998. Mashini zake ndizo zimebaki, mu magaraji na mu vyumba vya chini vya nyumba za watu.

Sasa sikilizeni vile muzee alifanya, sababu fundi yeyote wa mine atamuelewa.

Ile mashini alikuta chuo kimoja kinaitupa. Munuzi wa mitraye alikuwa amekwisha kufika, juu ya zahabu. Ndiyo, zahabu: pale karte inaingia mu kiti chake, meno yake yamepakwa zahabu nyembamba. Muzee alilipa bei ileile ya mitraye, akaibeba. Ndani panya walikuwa wamejenga.

Kitu cha kwanza: hakutia umeme. Sisi ku kazi, mbele ya kugusa mashini, tunakata umeme na tunatia kadena. Ni vilevile. Alitoa makarte moja moja, akapiga picha, akaandika namba ya kila mahali. Akasafisha kwa burashi laini.

Kitu cha pili: alitenga sanduku ya umeme, akaitengeneza peke yake. Ndani yake kuna makondensatere makubwa kama kopo la maziwa. Yana maji fulani ndani, na miaka ikipita yanakauka. Ukiyapa umeme wote kwa mara moja, yanaweza kupasuka. Yeye alipandisha umeme kidogo kidogo, siku kisha siku, na transfo ya kugeuza, huku anapima. Na alinionya: kondensatere kubwa inachunga umeme hata kama umetoa fishi. Mutu anaweza kufa na mashini yenye imezimwa. Vijana wenye kuvunja sanduku za namna ile na mikono mitupu, mulisikie neno hili.

Kitu cha tatu: alipima volti 5, mara na mara, mbele ya kurudisha karte hata moja. Sababu sanduku ikipitisha kipimo, vipande vyote vinaungua kwa pumuzi moja.

Kitu cha ine: akafuata ubovu karte kwa karte, na planso mu mikono. Hapo njo nilishangaa zaidi. DEC ilikuwa inamupa muteja planso zote za mashini, kila waya, kila kipande, na kitabu cha kutengeneza. Leo simu inakufa, unaipeleka kwa fundi, naye hana karatasi hata moja ya kumuonyesha ndani munakwenda namna gani. Mu ile mashini ya zamani, mutu mwenye amesoma umeme mu sekondari anaweza kufuata njia ya waya na kidole chake, kutoka kifungo mpaka taa.

Ilimukamata majira mbili ya baridi. Siku yenye ilisimama, alipandisha na kushusha vile vifungo vya mbele kwa mukono, neno kwa neno, juu ya kuifundisha namna ya kusoma mukanda wa karatasi wenye matundu. Ikasoma. Ikahesabu. Akaniambia alilia kidogo, bibi yake akamucheka.

Lakini kitu chenye kilinifanya niandike leo ni kingine. Ni kumbukumbu ya ile mashini.

Muzee alichukua karte moja, akaniweka mbele ya lupu. Niliona kama kitambaa chenye kusokotwa na waya za mukuba nyembamba sana. Kila pahali waya mbili zinakutana, kuna pete ndogo nyeusi, kama mbegu ya mutama lakini ndogo zaidi. Pete moja inachunga neno moja tu: ndiyo ao hapana. Kumbukumbu ya kawaida ya PDP-8 ni maneno 4 096, kila neno pete 12. Pigeni hesabu: pete 49 152. Na kumbukumbu za namna hii zilisokotwa na mikono ya wanawake mu viwanda, na sindano, macho juu ya lupu, siku nzima. Wanawake watumishi. Hakuna mwenye aliandika majina yao juu ya karte.

Na zile pete hazisahau. Simu yako ukitoa umeme mu kumbukumbu yake ya kazi, yote inapotea. Pete zinachunga hata bila umeme, sababu ni sumaku. Watu wenye kutengeneza hizi mashini wanaweza kuzikuta zimelala miaka makumi, na wakisoma pete mbele ya kuzifuta, wanakuta kazi ya mwisho yenye mutu aliacha. Mikanda ya sumaku nayo ni vile. Kuna mikanda yenye imeanza kunata kwa uzee. Wanaipasha moto mudogo kwa masaa mengi, kisha wanaipitisha mara moja mu mashini yenye wametengeneza, na wanapata maandiko.

Pale garaji nilimufikiri baba yangu.

Baba alitumika miaka 31 mu kompani moja yenye sitataja, sababu hapa sikukuja juu ya kuhukumu. Wakati wa kumaliza hesabu yake, biro ikamuambia: «Muzee, sisi tunaona miaka 22.» Miaka tisa ilikuwa wapi? Zamani mushahara ulikuwa unahesabiwa na mashini. Kulikuwa mikanda, kulikuwa makarte ya matundu. Biro ilipofungwa, mashini ikauzwa, mikanda ikatupwa, sababu hakukuwa tena mashini ya kuisoma. Baba alikuwa na kopo la maziwa lenye alichunga karatasi zake za mushahara. Kwa hizo tulimurudishia miaka sita. Miaka tatu haikuonekana. Alikufa bila kuilipwa.

Sisemi miaka ya baba ilikuwa ndani ya ile kabati yenye nilivunja. Ilitoka biro ingine. Lakini ilikuwa na miaka ya baba wa mutu mwingine, ao ya mashini zake, ao ya stoki ya unga. Mimi na burin yangu sikuuliza. Na mwenye alitia sinyatiri juu ya karatasi ya kuuza hakuuliza pia. Yeye alikuwa na masomo kunipita.

Najua maneno yenye mutasema. Nimeyasikia mu mukutano wa sendika.

Mumoja atasema: «Hiyo ni michezo ya wazungu wenye kushiba.» Kamarade, yule muzee hakuwa tajiri. Alikuwa mutu wa mine kama weye, kompani ilimufungia mulango, na alikataa mikono yake ikae bure. Na hakuna mwenye kusema kila nyumba ya kambi itafute PDP-8. Hata kule, wenye hawawezi kupata ya kweli wanajenga mufano: kuna kiti inaitwa PiDP-8, uso wa mbele wenye taa na vifungo kama vya zamani, na ndani ordinatere ndogo ya Raspberry Pi inafanya kazi ya kabati nzima. Mutoto anajifunza nayo namna mashini inafikiri, hatua kwa hatua, kwa kuona taa na macho yake.

Mwingine atasema: «Njaa haina musée. Mukuba ni mukate.» Huyu simupingi na maneno mengi, sababu ule mukate niliula. Kijana mwenye anavunja kabati juu ya kulisha wadogo wake, siwezi kumutupia jiwe. Lakini nauliza: faida iko wapi? Tulipata unga wa juma moja. Munuzi wa mitraye akapata zaidi. Kifua chetu kikapata moshi wa plastiki, wenye kuleta magonjwa mabaya. Na kitu chenye kingefundisha wanafunzi umeme kwa miaka kikawa majivu.

Wa tatu atasema: «Ya zamani imekufa, dunia inakwenda mbele.» Mwaka wa 2013 kule Kanada walikuwa wanatafuta watu wenye kujua lugha ya PDP-11, sababu mashini hizo zilikuwa zingali zinatumika mu viwanda vya umeme wa nikleeri, na walitaka ziendelee mpaka mwaka wa 2050. Mashini ya 1970! Wenye kuidharau walikuwa wametupa vitabu. Wenye kuichunga mu garaji njo walibaki na ujuzi.

Sisi watu wa mukuba tunajua kuchunga, kama tunataka. Misalaba ya mukuba yenye wankambo waliyeyusha, yenye ilikuwa feza yao, leo tunaiheshimu, inawekwa mu musée, watoto wa masomo wanapelekwa kuiona. Hakuna mwenye anasema: yeyusha, uuzishe kwa kilo. Sababu tunajua ni kazi ya watu wetu. Mashini yenye ilihesabu tani zetu na mishahara yetu, je, haiko pia ushuhuda wa kazi ya watu wetu?

Kwa hiyo naomba vitu vitatu, na nitaviomba pia mu mukutano.

Kwanza: mbele ya kompani yoyote kuuzisha mashini ya zamani ya biro ao ya usine, delege wa sendika aitwe, pamoja na fundi, waone kuna nini ndani. Kama kuna majina, miaka, mishahara, itolewe juu ya karatasi, na kopi ikae kwa sendika. Kama hakuna mwenye kujua kuisoma, mikanda ichungwe pahali pakavu, isitupwe. Mukanda wenye haujasomwa leo unaweza kusomwa kesho. Mukanda wenye umechomwa hausomwi milele.

Pili: kwa kila namna ya mashini, moja ibaki nzima, pamoja na planso zake na vitabu vyake, ipewe masomo ya ufundi. Planso ni za lazima. Mashini bila planso ni kama mutu mwenye amesahau jina lake. Na wazee wetu mafundi wa umeme wenye kukaa kambini bila kazi waitwe waifungue pamoja na wanafunzi. Wao wanajua kupima, wanajua kusude, wanajua kufunga umeme mbele ya kugusa. Tunaacha ujuzi wao unazikwa nao.

Tatu, hii ni yako weye mwenyewe, haingoje kompani: kama uko fundi na unapata mashini ya zamani kwa njia ya haki, jaribu kuitengeneza nyumbani. Haki, nasema. Usibebe kitu cha kompani usiku. Omba karatasi ya kutoka, sinyatiri na tampo. Kisha fanya kama yule muzee: usitie umeme kwa haraka, piga picha, andika namba, pima, panda kidogo kidogo. Usiache mutoto aguse sanduku ya umeme. Usichome waya. Kama haisimami, utakuwa umejifunza, na vipande vyake vitasimamisha ingine.

Wamama, kwenu nina neno moja zaidi. Baba yangu aliokolewa na kopo la maziwa kuliko na mashini, na lile kopo mama ndiye alilichunga. Watoto walitaka kuwashia moto na zile karatasi siku ya mvua, akakataa. Miaka sita ya pansio ilitoka mu lile kopo. Karatasi za mushahara za bwana wako, za mutoto wako, ziweke pakavu, usimupe mutu asili, mupe kopi.

Yule muzee wa Limburg, siku ya kuagana, aliniuliza kama kwetu kuna mashini kama ile. Nilimujibu ziko. Sikumuambia nilifanya nini na moja. Nilikuwa na haya. Leo nawaambia ninyi, juu kamio ya mitraye itapita tena mwezi huu, na safari hii mutu asimame ku mulango aulize: ndani kuna nini?